Ufundi wa Kuifuata Nasaba

Katika bonde la Subukia, lililolala chini ya miinuko ya Laikipia, mzee wa Kikuyu akiulizwa atokako hakutajii kijiji anachokaa, bali huwahudhurisha wafu wake mmoja mmoja, mwana wa fulani, mwana wa fulani, hata afike kwenye mbari iliyobaki Murang'a au Nyeri. Nami niliyeketi mbele ya wazee hao na daftari magotini nimekuja kuamini kwamba katika fani zote za utafiti ni chache zidaizo subira na adabu kama hii ya kuifuata nasaba. Wengi wao walifika baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi yalipokatwa vipande na kuuzwa, na wengine walikwisha kuzaliwa humu humu Bonde la Ufa, wazazi wao wakiwa vibarua katika nchi ambayo, kabla ya mikataba ya 1904 na 1911, ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mtu aliyeyaacha mbali makaburi ya jadi zake hubeba majina.

Majina hayo yana mtego. Kwa desturi mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo Kamau humzaa Njoroge, Njoroge akamzaa Kamau, na mwandishi mwenye pupa huwageuza watu wanne kuwa wawili, nusu ya karne ikapotea daftarini mwake asijue. Mjuzi wa fani hii hauachi mlolongo peke yake. Huuliza kila mmoja alitahiriwa katika riika gani, madhali marika yaliitwa kwa matukio ya wakati wake, kama Mutung'u, lililochukua jina la ndui iliyowafisha watu katika miaka ya 1890. Kwa njia za namna hii, vizazi vikihesabiwa na masimulizi yakipimwa kwa masimulizi, Bethwell Ogot aliandika tarehe ya Wajaluo wa kusini, iliyochapishwa 1967, na Godfrey Muriuki ile ya Wakikuyu, 1974; nao waliandika katika zama ambazo walikuwapo maulamaa wa Ulaya waliodhani kwamba umma usio na maandishi hauna tarehe.

Tena nasaba ni dai. Tume ya Ardhi ya Kenya ilipokaa mwaka 1932 kusikiliza mashtaka ya ardhi iliyotwaliwa, mbari zilileta mababu zao kama hati, na mtafiti hana budi kuuliza jina lilitajwa mbele ya nani, na kwa haja ipi. Simaanishi kwamba wazee walisema uwongo, la hasha. Kila shajara ya nasaba hupogolewa na mkono wa mwenye kuihitaji.

Na aghalabu tawi likatwalo ni la mama. Wakikuyu huhesabu ukoo kwa baba, ilhali mihiriga yao, yaani koo kubwa, imeitwa kwa mabinti wa Mumbi, mama wa kabila, hata leo kila Wanjiru na kila Wambui hutembea na jina la ukoo mzima. Pwani nako kitabu cha tarehe ya Kilwa chawataja mababa waliotoka Shirazi. Na mwaka 2023 wataalamu, miongoni mwao Chapurukha Kusimba, walipozisoma chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani yetu, walikuta asili ya Uajemi imeingia hasa kwa upande wa wanaume, na upande wa wanawake karibu wote ni wa Afrika. Kitabu hakikusema uongo. Kilinyamaza juu ya mama, na mifupa ikanena.

Jioni moja huko Subukia, mzee alipokwisha kunihesabia mababu sita, nilimwuliza jina la mama yake baba yake. Alifikiri kitambo, akasema yule bibi alikufa yeye hajazaliwa. Mkewe, aliyekuwa akimenya njegere karibu na mlango, hakuinua kichwa.

"Baba Kamau, dada yako mkubwa si ndiye aliyepewa jina lake?"

Mzee akalitaja. Nikafungua ukurasa mpya, tukaanza upya, safari hii kwa mabinti wa kwanza.