Nimeziona Seli Saidizi za Ubongo Zikiwa Hai Kwenye Sahani: Acha Kabisa!

Jamani wa Ubaruku, acheni kwanza kuulizana bei ya mchele, mnisikilize! Hakuna simu mpya wala trekta mpya iliyowahi kunikosesha usingizi kama kitu hiki. Kuna watu wanachukua damu kidogo au kipande cha ngozi ya mtu mzima, wanazirudisha seli zake utotoni zikawa seli shina, halafu wanazikuza upya mpaka zinakuwa seli za ubongo. Tena sizungumzii nyuroni, ambazo kila mwalimu wa baiolojia anazichora ubaoni. Nazungumzia seli za glia, wasaidizi wa nyuroni, ambazo daftari la shule huzipa mistari miwili na kuzipita. Nimezitazama kwenye video zilizopigwa kwa hadubini, ziko hai, zinajongea. Acha kabisa!

Tuanze na astrositi. Zikipakwa rangi inayong'aa zinatokea kama nyota zenye mikono mingi, na kila mkono unagawanyika mpaka ncha zake zinakuwa nyembamba kuliko uzi. Lakini picha iliyotulia si lolote. Tafuta video ambayo seli zimetiwa rangi inayowaka kila kalsiamu inapopanda ndani yake. Seli moja inawaka. Zinapita sekunde chache, jirani yake naye anawaka, kisha jirani wa jirani, na wimbi linasambaa polepole kutoka seli hadi seli. Astrositi hazipigi umeme kama nyuroni, ndiyo maana kwa miaka mingi zilichukuliwa kuwa gundi ya kushikilia ubongo usisambaratike. Gundi gani hupashana habari namna hii?

Halafu kuna mikroglia, walinzi wa ubongo. Hawa hawatulii! Seli inatupa mkono mbele, inapapasa, inaurudisha, inatupa mwingine upande wa pili. Ikikuta mabaki ya seli iliyokufa inayakumbatia, inayafunika, inayameza. Nimeirudia video hiyo mpaka bando likaisha.

Wa tatu ni oligodendrositi, wanaovisha nyuzi za nyuroni ganda la mafuta liitwalo mayelini ili umeme upite kwa kasi. Mwaka 2013 timu ya Steven Goldman ya Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ilianza na ngozi ya binadamu, ikaigeuza kuwa seli shina, kisha ikazikuza kuwa oligodendrositi changa. Ikazipandikiza kwa panya waliozaliwa bila mayelini ya maana, wale wanaotetemeka na kufa wangali wadogo. Seli zikasambaa, zikavisha nyuzi, na panya wengi wakaishi muda mrefu zaidi. Ngozi ya mtu, ndani ya ubongo wa panya, ikifanya kazi! Nani ananisikia?

Mkulima wa Mbarali ataelewa upesi kuliko profesa: nyuroni ni mpunga, na glia ni mifereji, matuta na mgawa maji. Ubongo wa mtu una nyuroni zipatazo bilioni 86, na seli zisizo nyuroni, nyingi zikiwa glia, zinakaribia idadi hiyohiyo. Karibu nusu ya seli za ubongo tulikuwa tunazipita tu!

Sasa tufungue injini. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na mwaka 2007 kwa binadamu, kwamba jeni nne tu zinatosha kuirudisha seli ya ngozi kwenye hali ya seli shina, inayoweza kuwa karibu seli yoyote ya mwili. Mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon. Kuanzia hapo kazi ni ya mpishi mvumilivu: kemikali hii wiki hii, ile wiki ijayo, kwa kufuata ratiba ya tumboni mwa mama. Na tumboni nyuroni hutangulia, astrositi hufuata. Ndiyo maana maabara ya Sergiu Pasca huko Stanford ilivitunza vibonge vya tishu ya ubongo hadi miezi 20 ili kuzifuatilia astrositi zikikomaa. Mikroglia nazo zina njia yake kabisa, kwa sababu asili yake haiko kwenye ubongo. Hutoka kwenye kifuko cha kiini wakati mimba ni changa, zikahamia kichwani na kulowea huko. Anayezitaka lazima azipike kwenye chungu cha peke yake.

Kwa nini tusitumie za panya tu, zilizo rahisi? Kwa sababu astrositi ya binadamu ina upana wa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya panya. Mwaka huohuo wa 2013, kundi la Rochester lilionyesha kwamba panya waliopandikizwa glia changa za binadamu walijifunza haraka kuliko wenzao. Za panya zina faida, ila zetu ni zetu.

Je, kwenye kazi halisi zinafaa? Mtihani mkubwa ulitoka Afrika Mashariki. Mwaka 1947, kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, watafiti walipata kirusi kipya katika damu ya kima aliyewekwa kule kuchunguza homa ya manjano. Kwa miongo mingi kilionekana cha homa ndogo tu. Mwaka 2015 kikalipuka Brazil, watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo, na dunia ikauliza: kirusi hiki kinamfanya nini mtoto? Ubongo wa kijusi kilicho hai haufunguliwi ukatazamwa. Lakini sahani za maabara zilikuwepo! Ndani ya miezi michache ya mwaka 2016, maabara za Marekani na Brazil zilikiweka kirusi cha Zika kwenye seli changa za ubongo zilizokuzwa kutoka seli shina, na zikaona kirusi kikizivamia zile seli mama zinazozaa ubongo, kikiziua na kuzizuia kuongezeka. Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana kwenye sahani, bila kumgusa mtoto.

Na huku Nyanda za Juu Kusini, mimi jicho langu liko kwenye tegu wa nguruwe. Mikoa yetu inafuga nguruwe kwa wingi, na watafiti wamemfuatilia mdudu huyu Mbozi na Mbeya kwa miaka. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakaingia kwa mikono michafu, maji au mboga. Hata asiyekula kitimoto anaweza kuyameza. Yai likianguliwa na lava akifika kwenye ubongo, huko ndiko kifafa kinakoanzia kwa wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameonyesha kwamba lava hao wana glutameti, kemikali ambayo nyuroni huitumia kuamshana. Na nani kazi yake ni kuifyonza glutameti iliyozidi? Astrositi! Muweke lava karibu na astrositi zilizokuzwa kutoka damu ya mtu wa huku, uzitazame zikifyonza na zikishindwa, na mikroglia wakija kuzingira. Hilo ndilo jaribio ninalolililia.

Kasoro? Zipo, na shabiki wa kweli hazifichi. Seli nyingi hubaki na tabia za utoto, hazifanani na za mzee wa miaka 70. Kibonge kwa kawaida hakina mishipa ya damu, kwa hiyo katikati hukosa hewa na kufa. Kundi moja likitoka vizuri, linalofuata linaweza kutoka tofauti ilhali kanuni ni ileile. Vyakula vya kuzilisha ni ghali, tena zinataka umeme usiokatika. Na kasoro inayoniuma zaidi: nyingi kati ya seli shina zilizohifadhiwa duniani zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Afrika, yenye utofauti mkubwa wa jeni kuliko bara lolote, imewakilishwa kiduchu.

Alama zangu: tisa kati ya kumi. Moja nimeishikilia mpaka nione seli shina kutoka damu ya Mtanzania, iliyotolewa kwa hiari na kwa kueleweshwa, ikikuzwa kwenye maabara ya hapa nchini. Mbeya kuna kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichoshiriki majaribio ya chanjo za VVU, na VVU navyo hujificha ndani ya mikroglia. Sababu ya kuanza tunayo. Kwa hiyo ninyi mnaosoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) huko Mbarali, msiishie kwenye mchoro wa nyuroni: mwulizeni mwalimu habari za glia, mkaombe vyuo mkiwa na swali hilo mkononi. Na wakati tunasubiri maabara, kitimoto kiive mpaka ndani, choo kitumike, mikono ioshwe, na mwenye kifafa apelekwe hospitali.