Ile hela

Ujumbe ninaotaka kuuzungumzia una maneno machache, na karibu kila mwenye laini ya simu Tanzania ameshaupokea: “Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja,” kisha linafuata jina la mtu usiyemjua. Hubadilika kidogo kidogo. Wapo wanaoandika pesa badala ya hela, na wapo wanaoongeza kwamba ile laini nyingine ina deni. Tumeucheka sana. “Tuma kwa namba hii” imekuwa jina la utani la aina nzima ya wezi. Nadhani tumeucheka kiasi kwamba hatujawahi kukaa chini tukausoma.

Mimi naandika programu, na kwa miaka minne nimekuwa upande wa malipo ya simu. Sehemu moja ya kazi hiyo, ambayo hakuna aliyeigombania, ilikuwa kuandika tahadhari wanazotumiwa wateja. Kwa hiyo sizungumzi kama mhakiki asiye na upande. Mwandishi wa ujumbe ule na mimi tuliandika kwa wasomaji walewale, kwenye kioo kilekile, na yeye alisomwa.

Mama yangu mdogo anauza vitenge Mbagala. Mwaka jana alikuwa akimsubiri fundi amalize geti la fremu yake, na walikuwa wamekubaliana atamaliziwa shilingi 280,000 siku ya Alhamisi. Alhamisi saa nne asubuhi ujumbe ukaingia: ile hela itume kwenye namba hii. Akatuma. Fundi alifika saa saba mchana kudai chake. Kufikia hapo hela ilikuwa imeshatolewa kwa wakala mahali fulani, na huduma kwa wateja walimweleza kwa upole kwamba hakuna cha kurudisha.

Nilipokwenda kumwona alinipa simu yake, kitochi chenye kioo cha mistari michache. Juu kabisa ulikuwa ujumbe wa tapeli. Chini yake, wa siku mbili kabla, ulikuwa wangu. Niliutambua kwa sababu ya koma moja niliyoigombea kwenye kikao: “Ndugu mteja, kuwa makini na matapeli. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.”

“Mama, huu hukuusoma?”

“Niliusoma, mwanangu. Huo ulikuwa wa matapeli. Mimi nilitumiwa ujumbe na fundi.”

Nimelibeba jibu hilo mwaka mzima. Tuseme ukweli: kama kusoma, alisoma vizuri. Tahadhari yangu ilizungumzia mtu mwovu anayekuomba namba ya siri. Hakuna aliyemwomba namba ya siri. Aliibonyeza mwenyewe, kwenye menyu ya nyota na reli, kama mfumo ulivyotaka. Namba ya siri imetengenezwa kumzuia mtu ambaye si wewe. Haina la kusema pale ambapo wewe mwenyewe ndiye unayetuma.

Sasa tuurudie ujumbe wa tapeli, maana una mambo.

Neno la kwanza ni “ile”. Angeandika “hiyo hela”, msomaji angejiuliza ni ipi, kwa kuwa “hiyo” hudai kitu kilichokwishatajwa katika mazungumzo haya haya. “Ile” haidai hivyo. “Ile” humrudisha msomaji kwenye kumbukumbu ya watu wawili, kitu tunachokijua mimi na wewe bila kukitaja. Tapeli hana kumbukumbu yoyote na mama mdogo. Ameacha nafasi, na mama akaijaza mwenyewe kwa geti, fundi na Alhamisi.

Pili, hakuna salamu. Kwa kawaida tungesema huyu hana adabu, lakini fikiri salamu ingemgharimu nini. Kwa Kiswahili huwezi kumsalimia mtu bila kujua ni nani. Ukiandika shikamoo umeamua kwamba amekuzidi umri, ukiandika mambo umeamua kwamba mko sawa, na ukikosea umejulikana. Ujumbe unaotumwa kwa namba elfu moja hauwezi kusalimia. Lakini ujumbe usio na salamu, kwetu, ni mwendelezo wa mazungumzo yaliyoanza zamani. Kwa hiyo upungufu wake umegeuka ushahidi wa ukaribu. Na lugha yenyewe inamsaidia tena, kwa kuwa viambishi vyetu havisemi mwanamume wala mwanamke. Anayeandika anaweza kuwa fundi, mama mwenye nyumba, au mweka hazina wa kamati ya harusi.

Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliuliza kwa nini matapeli wa barua pepe husema wametoka Nigeria wakati kila mtu ameshaijua hadithi hiyo. Jibu lake lilikuwa kwamba hadithi isiyoaminika inawachuja wasomaji: mwenye mashaka anajiondoa mapema, anabaki yule atakayeamini hadi mwisho, na tapeli hapotezi muda. Hoja hiyo naipenda, lakini ujumbe wetu hauingii humo. Huu hautafuti mtu mwepesi wa kuamini. Unamtafuta mtu anayedaiwa leo. Na katika nchi ambayo kodi, ada, mchango wa msiba, mzigo wa Kariakoo na nauli ya mdogo wako vyote hupita kwenye simu, nani hadaiwi leo? Wanaojiona wajanja kwa kuwa hawajawahi kuliwa, wengi wao ujumbe umewakuta tu siku ambayo si yao.

Lakini kipande kilichonitesa ni “jina litakuja”.

Hilo jina ni kazi yetu. Kabla hujathibitisha muamala, mfumo unakuonyesha jina la mwenye namba ili ujue kama umekosea. Nimewahi kukaa wiki nzima nikijaribu kioo hicho kwenye simu za kila aina, majina marefu yasikatwe, kiasi kisipotee. Tulijivunia. Tapeli alikitazama kioo kilekile akaona ukurasa wa pili wa hadithi yake. Anakutajia jina, unaingia kwenye menyu, na jina linatokea kweli! Mfumo wenyewe umesimama kuwa shahidi wake. Mama mdogo aliniambia hilo bila mimi kumuuliza: “Alisema litakuja jina la mwanamke, na likaja. Nikajua ni mkewe.”

Nayo si dhana ya kijinga. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mwenye kitambulisho cha taifa aliwasajilia wasio nacho: mke kwa mume, dada kwa shemeji. Hadi leo kupokea hela kwa jina la mtu mwingine ni jambo la kawaida mtaani. (Piga *106# uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako. Mimi nilikuta moja ya binamu yangu niliyekuwa nimemsahau.) Jina lisilolingana lilipaswa kuwa kengele, ila kengele inayolia kila siku hakuna anayeisikia.

Ukilinganisha na haya, maandishi yangu yalikuwa maandishi ya ofisi. “Ndugu mteja” ni salamu isiyomsalimia yeyote. “Kuwa makini” haikuambii ufanye nini. Tena yalikuwa ghali. Ujumbe mfupi hubeba herufi 160, na Kiswahili kinaenea humo vizuri kwa kuwa hakina herufi za ajabu. Lakini mtu wa masoko aliwahi kunakili tangazo letu kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, likaja na ritifaa iliyopinda katika neno moja lenye ng’, na kwa alama hiyo moja nafasi ikashuka hadi herufi 70. Ujumbe mmoja ukawa tatu, kwa wateja wote. Kikao cha kujadili ritifaa kilichukua saa mbili. Sikumbuki kikao chochote kilichojadili kama tangazo lenyewe linaeleweka.

Mimi na wenzangu tunatembea na funguo za usalama za kuchomeka kwenye kompyuta, tunatunza nywila ndefu tusizozijua hata wenyewe, tunabishana kuhusu alama ya kidole na sura. Ni vitu vizuri. Hakuna hata kimoja ambacho kingemsaidia mama mdogo asubuhi ile. Halafu tunasema “elimu kwa mteja”, yaani kosa ni lake. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, kanuni zinazitaka benki zirudishe hela ya mteja aliyedanganywa akatuma mwenyewe, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Sisemi tuinakili, nao wana mabishano yao. Naona tu kwamba pale anayeandika tahadhari mbaya anajua itamgharimu. Hapa mama anashauriwa aitume namba ya tapeli kwenda 15040. Aliituma. Hela haikurudi.

Nilirudi kazini nikaandika tahadhari nyingine: “Umeambiwa utume hela kwenye namba mpya? Usitume kwanza. Mpigie unayemdai au anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo.” Niliisoma tena nikafuta “unayemdai”, kwa kuwa unayemdai hakuombi hela. Haikuwa na Ndugu mteja. Iliporudi kutoka idara nyingine ilikuwa nayo, na neno “usitume” lilikuwa limeondolewa, kwa maelezo kwamba kampuni ya malipo haiwezi kumwambia mteja asitume.

Mwezi uliopita, tarehe 3, nikiwa kwenye daladala, ujumbe ukaingia: ile hela itume kwenye namba hii. Kodi yangu ilikuwa imepita siku tatu. Nawaambia mimi niliyeandika yote haya, kidole kilikuwa kimeshabonyeza nyota. Nikasimama hapo, nikampigia mama mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote.

“Shikamoo mama. Umenitumia ujumbe wa kubadili namba?”

“Marahaba. Sijatuma ujumbe wowote, baba,” akasema. “Lakini kwa kuwa umepiga, hebu niambie, hela yangu iko wapi?”