Sifa za Mshono

Kuna dhana kwamba sanaa ya kisasa ni ya wasomi, na kwamba mtu wa kawaida lazima aelezwe kwanza ndipo aione. Kazi za Kaloki Nyamai, mchoraji aliyezaliwa Kitui mwaka 1985, zinaikanusha dhana hiyo, hasa kwa mtazamaji aliyelelewa Ukambani kama mimi.

Nyamai haishii kwenye rangi. Juu ya turubai hupaka akriliki, hubandika vipande na picha, kisha huchukua sindano na uzi akashona. Ukisimama mbali unaona watu: wamekusanyika, wamekaa, wamejilaza. Ukisogea, watu hao wanageuka kuwa mishono, mingine imekazwa, mingine imeachwa ikining'inia. Kazi nyingi amezipa majina ya Kikamba, na mara kwa mara husema kwamba chimbuko lake ni hadithi za bibi yake.

Kilichonivuta zaidi ni anavyoitendea picha ya kamera. Katika nyumba zetu picha ilikuwa kitu cha heshima: mtu kasimama wima studioni mbele ya pazia lililochorwa bustani, mkono wenye saa umetangulizwa, na fremu ikatundikwa juu karibu na dari. Zipo na picha za zamani zaidi. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliishi kwa Wakamba mnamo 1911 na 1912, na kitabu chake kina picha za watu wetu. Picha za aina hiyo hutuonyesha shanga na mavazi. Wenye sura mara nyingi hawana majina. Nyamai haiachi picha itoe ushahidi peke yake. Rangi huifunika nusu, uzi huikata, na jicho hulazimika kuuliza kilichofichwa.

Mkono huo wa uzi naujua. Kotekote Kitui na Makueni, mama huparua jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi nyeupe, akazianika, akazisokota pajani. Kiondo huanzia kitakoni na kupanda kwa mizunguko, na mistari ya rangi haipakwi mwishoni: imekwisha kupangwa kichwani, inahesabiwa uzi kwa uzi, hata msukaji akiwa njiani kuelekea sokoni. Kabla mkonge haujaenea, nyuzi zilitoka kwenye magome ya miti, mbuyu ukiwemo. Sifa za ufundi wa Kikamba zilikwenda zaidi kwa wachongaji wa Wamunyu kule Machakos, na jina la mwanzilishi wao, Mutisya Munge, limehifadhiwa. Wasukaji wa vyondo walibaki kama watu wa picha zile za kale: kazi inaonekana, jina halipo.

Ndiyo maana mwaka 2022 una uzito kwangu. Mwaka huo Nyamai, pamoja na Syowia Kyambi, Dickens Otieno na Wanja Kimani, waliiwakilisha Kenya katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Mwaka 2013 banda la Kenya huko huko lilijaa kazi za Wachina na Waitaliano. Mwaka 2015 jambo hilo lilipotaka kurudiwa, wasanii wa Kenya walipiga kelele mpaka serikali ikajitoa. Baada ya fedheha hiyo, mshono wa mtoto wa Kitui ukatundikwa mbele ya macho ya dunia.

Sasa urudi nyumbani. Aishiye Mutomo au Kibwezi hapaswi kusafiri hadi Nairobi, sembuse Ulaya, ili aone kilichotokana na ufundi anaouishi. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zina kumbi. Ziandae onyesho moja Kitui mjini na jingine Wote, na waalikwa wa kwanza, kabla ya mawaziri na wabunge, wawe wasukaji wa vyondo. Hao ndio watakaojua mshono upi umekazwa sawasawa na upi umelegea.