Nafsi Iliyofichwa: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo na Suala la Mwandishi katika Desturi za Waswahili

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha nathari ya Kiswahili kilichopewa jina Desturi za Wasuaheli, kwa tahajia ya wakati ule, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani. Jalada lilibeba jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya Chuo Kikuu cha Berlin. Jina la mtu aliyebeba sehemu kubwa ya kazi yenyewe linapatikana ndani, katika utangulizi: Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, jirani na mji wa Bagamoyo, ambaye tangu mwaka 1900 alikuwa akifundisha Kiswahili katika seminari hiyohiyo. Kwa zaidi ya karne moja wanahistoria na wanaanthropolojia wamekiendea kitabu hicho kama watu waendavyo ghalani: huchota habari za ndoa, za ngoma au za utumwa, kisha wakaondoka. Ni mara chache kimesomwa kama kazi ya mwandishi mwenye mtazamo, mwenye tabaka na mwenye mambo anayochagua kuyanyamazia.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kusahauliwa kwa mwandishi huyo hakukutokana na jalada peke yake. Kulianzia ndani ya lugha ya kitabu. Chuo kilitaka aina fulani ya maandishi, yaani maelezo ya kabila zima yasiyo na msemaji, na Mtoro akayatoa kwa ustadi uliofanya ionekane kwamba hakuna aliyeyaandika.

Seminari ya Berlin ilianzishwa mwaka 1887. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliotarajiwa kwenda Asia na Afrika, na Kiswahili kilipewa nafasi kwa sababu Ujerumani ilikuwa inajitwalia pwani ya Mrima na bara lake. Kila somo la lugha lilihitaji Mjerumani wa kufundisha sarufi na mwenyeji wa kufundisha matamshi na mazungumzo. Kabla ya Mtoro, kiti hicho cha mwenyeji kiliwahi kukaliwa na Amur bin Nasur, aliyekuwa Berlin kuanzia 1891 hadi 1895, na ambaye habari zake za maisha ya mji huo zilichapishwa na Carl Büttner katika diwani yake ya mwaka 1894. Amur alieleza aliyoyaona yeye mwenyewe. Kwa hiyo nafsi ya kwanza haikuwa kitu kigeni katika nathari ya Waswahili waliofika Berlin, wala Mtoro hakuikosa kwa kutoijua. Miaka miwili kabla ya Desturi, Velten alikwisha kuchapisha Safari za Wasuaheli (1901), na ndani yake mna safari ya Mtoro kutoka pwani kwenda Udoe hadi Uzigua, ambayo kichwa chake kinatangaza kuwa ni safari yake mwenyewe.

Kuzisoma kazi hizi mbili pamoja kunafichua mengi. Katika safari, msemaji ana miguu: hutoka mahali, hufika mahali, hukuta watu, huuliza. Msomaji anajua habari imepatikanaje na kwa nani. Katika Desturi miguu hiyo imekatwa. Sentensi inajengwa juu ya sharti na mazoea: mtu akitaka jambo fulani, huenda kwa fulani, naye humwambia kadha wa kadha. Kiambishi hu- hakipokei kiambishi cha nafsi, na kwa sababu hiyo kinafaa sana kwa maandishi yanayotaka kusema juu ya kila mtu bila kumtaja yeyote. Si umbo lililotungwa Berlin. Methali zimejaa hu-, na wazee wa Mrima huitumia wanapoeleza mila. Lakini mzee anapoeleza mila, wasikilizaji wanamwona usoni na wanajua ni wa mtaa gani. Umbo hilo likihamishiwa katika kitabu cha kufundishia maofisa, mzee anatoweka na mila inabaki ikisema yenyewe.

Athari yake inaonekana wazi zaidi katika sehemu za utumwa, ambazo ni miongoni mwa kurasa zinazorejelewa mno. Mtoro anatofautisha mtumwa aliyeletwa kutoka bara na mzalia aliyezaliwa pwani. Anaeleza kazi, malipo ya wanaofanyishwa kazi kwa watu wengine, ukombozi, na adabu iliyomlazimu mtumwa mbele ya waungwana, hata kwenye mavazi: zamani hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele yao. Wanahistoria wamezichukua taarifa hizi kama kanuni za jamii. Mhakiki anapaswa kuuliza kwanza: kanuni kwa kauli ya nani? Anayesema ni muungwana. Jina la baba yake, Mwinyi Bakari, linabeba cheo cha heshima cha pwani; na hata jina lake mwenyewe lina kejeli ya aina yake, kwa kuwa mtoro katika lugha ya siku zile alikuwa kwanza kabisa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. (Si vyema kulichimba jina hilo kupita kiasi, pwani haikuwa ajabu mtoto kupewa jina duni ili kumkinga na husuda.) Katika kurasa hizo watumwa wana tabia, wana makundi na wana adhabu, lakini maneno yao hayasikiki kwa kadiri yanavyosikika ya mabwana.

Hata hivyo maandishi hayo yana ufa, na kupitia ufa huo mengi yanaonekana. Mwandishi anapoona haja ya kusema kwamba jambo fulani lilikuwa la zamani, anakiri kwamba sasa halipo au limelegea. Hakuna aandikaye kanuni ya kofia mahali ambapo hakuna mtumwa aliyewahi kuthubutu kuivaa. Glassman (1995), akichunguza Pangani na miji jirani kabla ya vita vya 1888, ameonyesha jinsi watumwa, wazalia na watu wa bara walivyokuwa wakidai nafasi katika sherehe, katika mavazi na katika dini, na jinsi waungwana walivyojaribu kuwazuia. Desturi ikisomwa kwa mwanga huo haibaki picha ya jamii iliyotulia. Inakuwa kauli ya upande mmoja katika ugomvi ambao mwandishi aliukulia. Vita vya pwani vilipopiganwa alikuwa kijana wa miaka kama ishirini. Isisahaulike pia nani alikuwa akisoma. Wakati kitabu kinatoka, utumwa ulikuwa bado unatambuliwa katika koloni ya Wajerumani, na ulifutwa kisheria chini ya Waingereza mwaka 1922. Mwanafunzi wa Berlin aliyesoma sura hiyo alikuwa anajiandaa kwenda kuamua kesi za bwana na mtumwa wake. Kilichokuwa maoni ya waungwana wa Bagamoyo kilimfikia kama maarifa.

Mambo ya wanawake yana tatizo lake. Habari za unyago na za kungwi zimeandikwa na mwanamume, au zimepitia mikononi mwa mwanamume, katika jamii ambayo mambo hayo humkataza mwanamume asiyaone. Kitabu hakisemi nani alimwambia. Hapa hu- imefanya kazi nzito kuliko mahali popote: imefunika swali la ushahidi.

Uchunguzi huu hauwezi kuukwepa ukweli kwamba Mtoro naye alikuwa mchunguzi wa wenziwe. Mbagamoyo aliyesoma chuoni, Mwislamu, mtu wa mji, anapokwenda Udoe na Uzigua anakwenda kwa watu ambao pwani ilikuwa ikiwaita washenzi, na anaeleza mila zao kwa wasomaji wa mbali. Eneo analolipitia halikuwa ng'ambo. Kutoka pwani ya Bagamoyo kuelekea mashamba ya Wakwere, Ubena na Udoe ni mwendo wa siku chache kwa miguu, na watu wa huko walikuwa wakiteremka kila msimu kufanya biashara mjini. Umbali anaouweka ni wa heshima zaidi kuliko wa maili. Velten alimfanya Mtoro kuwa kielelezo cha Waswahili. Mtoro alikwisha kuwafanya Wadoe kielelezo chake. Tofauti ni kwamba katika safari yake ameacha alama za miguu, na msomaji anaweza kumhoji.

Pingamizi kubwa dhidi ya kumrudishia Mtoro uandishi ni kwamba kitabu hakikuandikwa naye peke yake. Pingamizi hilo ni la haki. Toleo la Kiingereza la J.W.T. Allen (1981) lilipandisha jina la Mtoro kwenye kichwa cha kitabu, hatua ambayo ilikuwa imechelewa kwa miaka 78, lakini likaongeza kwamba wako Waswahili wengine, nao hawakutajwa. Allen alistahili shukrani kwa hatua ya kwanza. Katika ya pili alitatua suala la jalada na kuliacha suala la sauti: ni sura zipi zenye mkono mmoja na zipi zenye mikono mingi? Wimmelbücker (2009), katika wasifu uliochapishwa Dar es Salaam, ametoa maisha ya Mtoro kwa undani usiokuwapo awali; lengo lake lilikuwa historia, na matini ameyatumia kwa lengo hilo. Harries (1965) alichapa tena sehemu ya matini za Kiswahili za mkusanyo wa Velten, ila kama mifano ya nathari. Jambo moja ni la kusikitisha: msomaji wa Bagamoyo anayetaka kumjua mwandishi huyu vizuri hulazimika kupitia Kiingereza.

Ulinganisho na kazi nyingine mbili unasaidia kuonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa vinginevyo. Habari za Wakilindi, iliyotoka kwa sehemu katika miaka hiyohiyo huko Usambaa na Bonde, ilibaki na jina la mtungaji wake, Abdallah bin Hemedi, na kwa sababu hiyo inahesabiwa bila mabishano kuwa kazi ya mwandishi. Mfano wa pili unatoka Berlin kwenyewe. Mwaka uleule wa 1887, Mfilipino José Rizal alichapisha mjini humo riwaya yake Noli Me Tángere, na akahutubia chama cha wanaanthropolojia wa Berlin juu ya kanuni za ushairi wa Kitagalogi. Rizal naye alitoka katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu, naye alisikilizwa na wasomi waliokusanya habari za watu wa mbali. Lakini alisimama mbele yao kama msomi anayejisemea, na riwaya yake ilikuwa na jina lake juu. Hakuwa ameajiriwa na chuo kilichokuwa kikiwaandaa watawala wa nchi yake. Taaluma ya Wafilipino vyuoni Marekani ilipozaliwa baadaye, katika mgomo wa wanafunzi wa San Francisco wa 1968 na 1969, nayo ilidaiwa na wanajamii wenyewe, wanafunzi wa Kifilipino wakiwamo. Taaluma ya Waswahili Ulaya ilianza kwa mahitaji ya wengine, na alama ya mwanzo huo bado imo katika sintaksia ya Desturi.

Mwisho wa kazi ya Mtoro Berlin unafahamika. Mwaka 1904 alioa mwanamke Mjerumani. Uhasama ulizuka, wanafunzi wakiwa mbele, naye akaacha kazi mwaka 1905. Alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya koloni haikuwaruhusu washuke pamoja Dar es Salaam, wakarejea Ujerumani. Mtu aliyekuwa amewaeleza Wajerumani kwa urefu taratibu za posa, mahari na harusi za Mrima alinyimwa pwani yake kwa sababu ya harusi yake. Kuanzia 1909 hadi 1913 alikuwa Hamburg, msaidizi wa lugha chini ya Carl Meinhof. Baadaye aliishi kwa kutoa mihadhara katika miji ya Ujerumani, na alifariki Berlin mwaka 1927. Hapana budi kulitazama badiliko hili kwa jicho la uhakiki pia: ukumbini, kinyume na kitabuni, msemaji alionekana na wasikilizaji, na hu- haikuweza tena kumficha.

Historia za nathari ya Kiswahili mara nyingi huanza hesabu na Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela (1934), kisha Shaaban Robert. Kumweka Mtoro kabla yao hakutaki kuthibitisha kwamba aliandika riwaya; kunataka kukubali kwamba nathari ya maelezo ina mtunzi. Lipo jambo la kiutendaji ambalo tasnifu zinaweza kulirekebisha mara moja. Marejeleo mengi bado huandika Velten (1903) hata pale yanaponukuu maneno ya Kiswahili ambayo Velten hakuyatunga. Katika sura zinazofuata, sehemu ambazo uandishi wake unaweza kutetewa zinarejelewa kama Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Velten (1903). Zile zenye shaka zinaachwa chini ya jina la mhariri, na shaka yenyewe inatajwa kila inapotokea. Sura za unyago zimewekwa katika kundi hili la pili.