Miguu Kumi ya Green Bay

Kiangazi cha mwaka 2006 Green Bay Packers walikuwa timu yenye majeraha. Msimu uliotangulia walishinda mechi 4 na kupoteza 12, kocha akaondolewa, na mwezi Januari akaletwa Mike McCarthy, ambaye hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Gumzo lote lilikuwa juu ya kwotabeki Brett Favre: anastaafu au anarudi? Akarudi. Lakini mabadiliko makubwa zaidi ya mwaka ule hayakuwa mikononi mwa Favre. Yalikuwa miguuni mwa watu watano waliosimama mbele yake, na hao ndio ninaotaka kuwazungumzia.

Kwa msomaji ambaye futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa mbali, watu hawa watano, yaani safu ya mbele ya ushambuliaji, ni senta, wazuiaji wawili wa ndani wanaopakana naye kulia na kushoto, na wazuiaji wawili wa pembeni. Senta huanzisha mchezo kwa kuupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Baada ya hapo, kwa kawaida hakuna hata mmoja wao atakayeugusa tena. Kazi yao ni kuzuia: kumzuia mlinzi asimfikie kwotabeki, mchezaji anayepokea mpira huo na kuongoza ushambuliaji, na kumfungulia njia mbeba mpira anapoamua kukimbia. Wengi wana zaidi ya kilo 135. Kamera haiwafuati, na jina la mmoja wao likitajwa na mtangazaji, mara nyingi ni kwa sababu mwamuzi amempa adhabu.

Green Bay ni mji wa Wisconsin wenye wakazi wapatao laki moja, na timu yake ni mali ya wananchi walionunua hisa. Siku za kambi wachezaji hutoka uwanja wao wa Lambeau Field kwenda kwenye uwanja wa mazoezi wakiwa juu ya baiskeli za watoto, wenye baiskeli zao wakikimbia kando yao huku wamewabebea helmeti. Watu wa mji huo wamelelewa kuwatazama wazuiaji. Vince Lombardi, aliyeipa timu mataji matano kati ya 1961 na 1967, alijenga ushambuliaji wake juu ya mbio moja ya pembeni: wazuiaji wa ndani, Jerry Kramer na Fuzzy Thurston, wanachomoka sehemu zao na kutangulia mbele ya mbeba mpira, wakimfagilia njia. Miaka arobaini baadaye utamaduni huo ulikuwa bado hai. Mwaka 2003 Ahman Green alikimbia yadi 1,883, rekodi ya klabu, na sehemu kubwa ya yadi hizo alizipata nyuma ya Mike Wahle na Marco Rivera, wazuiaji wa ndani wenye nguvu na wepesi wa kuchomoka namna ile ile. Baada ya msimu wa 2004 wote wawili wakahamia timu nyingine. Mwaka uliofuata pengo lao likaonekana waziwazi.

McCarthy hakutafuta Wahle na Rivera wengine. Alimwita Jeff Jagodzinski kutoka Atlanta awe mratibu wa ushambuliaji, naye akaja na mfumo mwingine kabisa: kuzuia kwa kanda.

Wapenzi wa soka wanajua tofauti ya kukaba mtu na mtu na kukaba kwa eneo. Hapa wazo ni hilo hilo, ila wanaolitumia ni washambuliaji. Katika mfumo wa zamani kila mzuiaji anajua kabla mchezo haujaanza ni mlinzi gani wa kwake. Katika mfumo wa kanda, wote watano wanapiga hatua kuelekea upande mmoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja anawajibika kwa eneo lililo mbele na pembeni mwake, yeyote atakayeingia humo. Mwenye mlinzi usoni pake anapambana naye. Asiye na mlinzi anamsaidia jirani, bega kwa bega, nyonga kwa nyonga, huku macho yake yakiwa kwa walinzi wa safu ya pili waliosimama hatua kadhaa nyuma. Mlinzi wa mbele akiegemea kulia, mzuiaji wa kulia anambeba na wa kushoto anajinasua kwenda safu ya pili. Akiegemea kushoto, kazi zinageuka. Uamuzi huo haumtegemei kocha wala kwotabeki. Wazuiaji wawili wanauamua kwa kuhisi uzito wa mwili wa mtu wa tatu, na muda walio nao haufiki sekunde mbili.

Mfumo huu una ukoo. Aliyeupa sura inayojulikana leo ni Alex Gibbs, kocha wa safu ya mbele ya Denver Broncos kuanzia 1995 chini ya Mike Shanahan. Gibbs alipenda wazuiaji wepesi wenye akili ya haraka kuliko majabali, na aliwakataza kuzungumza na waandishi wa habari. Mwaka ule ule Broncos walimchukua Terrell Davis katika raundi ya sita ya uteuzi wa wachezaji wapya, akiwa wa 196 kwenye orodha. Mwaka 1998 Davis huyo alikimbia yadi 2,008. Alipoumia, Olandis Gary akapita yadi 1,000 nyuma ya safu ile ile mwaka 1999, na Mike Anderson akafanya hivyo mwaka 2000. Kisha Gibbs akaenda Atlanta, na Falcons wakaongoza ligi kwa yadi za kukimbia tangu 2004 hadi 2006. Jagodzinski alikuwa kocha wa safu ya mbele huko Atlanta msimu wa 2005. Alichoingia nacho Green Bay alikuwa amekitoa mahali kilipokuwa kinafanya kazi.

Lakini mfumo hausafiri ndani ya begi. Green Bay ilikuwa na senta Scott Wells na wazuiaji wa pembeni wenye uzoefu, Chad Clifton na Mark Tauscher. Nafasi za wazuiaji wa ndani zilikuwa wazi, na klabu ikazijaza kwa vijana waliotoka vyuoni mwaka huo wa 2006: Daryn Colledge wa raundi ya pili, Jason Spitz wa raundi ya tatu, Tony Moll wa raundi ya tano. Wote watatu walianza mechi msimu ule. Kwa timu yoyote hiyo ni hatari. Kwa mfumo unaodai watu wawili waelewane bila kuongea, ni hatari mara mbili.

Ndipo zinapokuja mechi za maandalizi, nne kwa miaka ile, na swali la namna ya kuzitazama. Kosa la kawaida ni kuhesabu yadi. Mwezi Agosti yadi hudanganya. Kikosi cha kwanza hucheza muda mfupi, mpinzani anaficha mbinu zake, na mbio ndefu ya robo ya nne inaweza kuwa imepita katikati ya walinzi watakaokosa nafasi kabla ligi haijaanza. Hata kushindwa hudanganya vivyo hivyo, kwa kuwa mara nyingi kocha anarudia mchezo mmoja ili tu vijana wake waujue.

Mimi husema tazama miguu. Mpira unapoanza, usiufuate. Bakiza macho kwenye mstari na uone kama hatua ya kwanza ya wote watano inatua pamoja. Wavuvi wanaovuta juya ufukweni hawahitaji kuwa na nguvu sawa, wanahitaji kuvuta kwa mpigo mmoja, na safu ya kanda iko hivyo. Mguu mmoja ukichelewa, kati ya bega na bega panafunguka mwanya, na mlinzi mwepesi anapenya humo hadi kumkuta mbeba mpira kabla hajaanza safari. Ukiona mbio imezimwa nyuma ya mstari, kwa kawaida chanzo chake kimo katika hatua hiyo ya kwanza, si katika nguvu.

Kisha tazama kuachiana. Hapa ndipo penye ufundi wote, na hapa ndipo vijana hukwama. Mzuiaji anayejinasua mapema mno anamwacha mwenzake na mlinzi ambaye bado hajadhibitiwa. Anayechelewa anamwona mlinzi wa safu ya pili akipita mbele ya pua yake na kwenda kumwangusha mkimbiaji. Muda sahihi haumo katika kitabu cha mbinu, unajengwa kwa kurudia na mtu yule yule wa pembeni yako, siku baada ya siku, mpaka nyonga yako ijue anachotaka kufanya. Kwa hiyo kila kocha anapobadilisha mpangilio wa safu yake mwezi Agosti, hata kwa sababu nzuri, anawarudisha nyuma watu wawili au watatu kwa pamoja.

Sehemu ya tatu iko upande ambao mbio haziendi. Wazuiaji wa upande huo wanatakiwa kuwazuia walinzi wasikimbize mchezo kutoka nyuma, na katika shule ya Gibbs walifanya hivyo kwa kujirusha miguuni mwao. Mlinzi akianguka, kunafunguka njia ya kukata kurudi nyuma, na yadi nyingi za Denver zilitoka humo. Walinzi waliichukia mbinu hii kwa kuhofia magoti yao, na nawaelewa. Naupenda mfumo huu kwa moyo wote, ila hapo sina la kuutetea. Ligi imezidi kubana sheria tangu wakati ule. Mwaka 2016 ilipiga marufuku kabisa watu wawili kumzuia mlinzi mmoja, mmoja juu na mwingine miguuni.

Naye mbeba mpira ni sehemu ya safu, ingawa hasimami kwenye mstari. Anakimbia kuelekea pembeni kwa subira, anasoma walinzi wanaegemea wapi, kisha anakata mara moja tu na kupanda. Akianza kupiga chenga, kazi ya watu watano inapotea. Green Bay iliona jambo hilo kupitia Samkon Gado, mzaliwa wa Nigeria, aliyekuwa faraja ya mashabiki katika msimu mbaya wa 2005. Aliingia kutoka pasipojulikana, akakimbia yadi 582, zikiwemo 171 katika mechi moja dhidi ya Detroit. Alikuwa mkimbiaji wa nguvu na wa moja kwa moja. Mfumo mpya ulimtaka asubiri, asome, kisha aamue, na kabla ya Septemba 2006 kwisha akabadilishwa na Vernand Morency wa Houston. Iliwauma wengi. Gado baadaye akasomea udaktari.

Aliyewahukumu Packers kwa mechi yao ya kwanza ya ligi alikuwa na haki ya kukata tamaa. Chicago Bears walikuja Lambeau Field wakashinda 26–0, na Favre, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uchezaji, akaona timu yake ikimaliza mechi bila pointi hata moja. Jagodzinski na mfumo wake wakasemwa vibaya. Benchi la ufundi halikuyumba. McCarthy aliendelea kuita mbio zile zile, na vijana wale wale wakaendelea kugongana nyonga mazoezini chini ya makocha wa safu, Joe Philbin na James Campen. Msimu uliisha kwa ushindi wa mechi nne mfululizo, wa mwisho ukiwa 26–7 dhidi ya Bears hao hao kwao Chicago, na Ahman Green akapita yadi 1,000. Haikuwa safu bora ya ligi, lakini miguu ilikuwa imeanza kutua pamoja.

Jagodzinski mwenyewe hakukaa kuona mavuno, maana baada ya msimu huo alikwenda kuwa kocha mkuu wa Boston College. Philbin akawa mratibu na Campen akapewa safu. Septemba 2007 wakamchukua Ryan Grant kutoka New York Giants kwa gharama ya chaguo la raundi ya sita. Mwezi Oktoba Grant alipata yadi 104 uwanjani Denver, mahali mfumo ulipokulia. Tarehe 12 Januari 2008, katika mechi ya mtoano dhidi ya Seattle, aliangusha mpira mara mbili dakika za mwanzo na Green Bay ikajikuta nyuma kwa pointi 14. Wakaendelea kumpa mpira. Theluji ilikuwa ikimwagika, miguu ya walinzi ikiteleza kila walipolazimika kugeuka, na safu ikawa inawavuta upande mmoja huku Grant akikata upande mwingine. Alimaliza na yadi 201 na kufunga mara tatu, Green Bay ikashinda 42–20.

Wiki moja baadaye Giants walimzuia Grant huyo huyo akaishia na yadi 29, wakashinda 23–20 katika muda wa ziada. Safu ya mbele ya walinzi wa Giants ilikuwa na kasi kuliko hatua ya kwanza ya Green Bay, na hakuna mfumo unaoponya hilo.

Colledge ndiye ninayemfuatilia zaidi katika historia hii. Kiangazi cha 2006 alikuwa kijana aliyechelewa kuachia na aliyesukumwa nyuma, na wapo waliomwona hafai. Aliendelea kucheza kando ya Clifton na Wells, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 6 Februari 2011, Packers walipowashinda Pittsburgh Steelers 31–25 katika Super Bowl, fainali ya ligi, kwotabeki hakuwa tena Favre bali Aaron Rodgers, na mfumo ulikuwa umechanganywa na mengine mengi, lakini upande wa kushoto wa safu, kuanzia senta kwenda nje, walisimama Wells, Colledge na Clifton.