Nyumba Njema si Mlango: Kuipima Nyumba ya Boriti

Ukipita Kariakoo, Ilala au Magomeni jijini Dar es Salaam, bado utakutana na nyumba ya Kiswahili iliyobanwa na maghorofa: baraza mbele, bati lenye kutu, lipu iliyobanduka pembeni. Wengi huiona kiwanja kinachongoja mnunuzi. Mimi husimama nikaitazama, kwa maana pale lipu ilipobanduka ndipo kazi ya fundi inapoonekana.

Nyumba hii ina mifupa na nyama. Mifupa ni miti ya mikoko, ambayo kwa vizazi vingi ilikatwa delta ya Rufiji na kusafirishwa kwa majahazi. Hupangwa kwa unene: fito ndizo nyembamba, kisha pau, kisha mazio, halafu boriti. Nyama ni udongo. Wakulima wa zamani wa Uingereza walijenga kwa akili hiyohiyo: fremu ya mwaloni, fito zilizosukwa katikati, udongo juu yake. Baadhi ya nyumba zao zimepita miaka 400, na siri yake ni moja: mbao hazikuachwa zikae na maji. Kipimo hicho kinatufaa na sisi. Kwa hiyo ukitaka kuijua nyumba ya boriti, fuata njia ya mvua.

Anza juu. Simama ng'ambo ya barabara utazame mgongo wa paa. Ukinyooka, makombamoyo ni mazima. Ukibonyea, kuna mti uliooza chini yake. Iwe paa ni la makuti, la madebe yaliyopondwa au la bati, kagua upenu. Upenu mzuri hutoka nje ya ukuta kiasi cha mkono mmoja au zaidi, maji yakaanguke mbali. Upenu mfupi ni ubahili, na gharama yake hulipwa na ukuta.

Shuka kwenye kiambaza. Katika kazi nzuri, fito zimefungwa pande zote mbili za nguzo, zikiachana kwa nafasi sawa, na katikati pametomewa mawe madogo kabla ya kukandika. Tazama kifungo. Kamba ya makumbi hulegea kidogo nyumba inapotikisika, kisha hushika tena. Msumari hupasua mti, na hewa ya chumvi huula upesi. Kisha gonga lipu kwa kidole. Mlio mzito maana yake imeshikana na udongo. Mlio wa kitu kitupu maana yake imeachana nao. Hapo chokaa huishinda saruji. Chokaa ya matumbawe huuacha ukuta upumue, ilhali saruji huufungia unyevu ndani, mwisho ikabanduka vipande vizima. Nyufa nyembamba kama utando ni za ngozi tu. Ufa unaoshuka kwenye pembe kutoka juu hadi chini ni wa mifupa, na methali ya ufa na ukuta hapo haina mzaha.

Malizia mguuni, mahali nguzo inapoingia ardhini. Mkoko ni mti mgumu ambao mchwa huupata kwa taabu, lakini unyevu wa siku nyingi huulainisha. Msingi wa mawe na baraza iliyoinuka ndio kinga yake. Barabara ikiinuliwa kila inapotengenezwa, nyumba hubaki shimoni. Basi angalia kama sakafu bado iko juu ya mtaa, na kama ukutani kuna vijia vya udongo vya mchwa.

Sasa piga hodi. Ukumbi utoke mlango wa mbele hadi uani bila kupinda, vyumba vitatu kila upande. Simama katikati saa sita mchana, milango yote miwili ikiwa wazi: ukisikia upepo, ramani ni nzuri. Kuta za ndani zikiishia kwenye mtambaapanya, joto hupata pa kutokea juu. Wenye nyumba waliokodisha chumba kimojakimoja waliijua thamani ya upepo huo.

Usidanganywe na rangi mpya. Kipande kilichofunguliwa, nguzo ikabadilishwa, kisha kikakandikwa upya, ni alama ya heshima. Nyumba ya boriti ilibuniwa ili itibiwe sehemu kwa sehemu, na yenye viraka vizuri ninaipa alama za juu kuliko iliyofunikwa saruji mwili mzima.

Ili kuzoeza jicho, nenda Old Boma, jengo la miaka ya 1860, zama za Sultan Majid wa Zanzibar. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, lakini dari zimelala juu ya boriti, na utaona jinsi urefu wa mti unavyoamua upana wa chumba. Kisha nenda Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, ukalinganishe na nyumba ya Wazaramo.

Nawe uliyerithi nyumba ya namna hii, kabla hujapokea fedha ya mnunuzi, mwite fundi anayejua kukandika, muikague pamoja kutoka upenuni hadi mguuni. Na ikibidi ivunjwe, boriti nzima zisiende kuwa kuni: zinaweza kubeba nyumba nyingine.