Pikipiki ya Watu Wawili

Saa kumi na mbili asubuhi, karibu na stendi ya Korogwe, kijana amechuchumaa kando ya pikipiki aina ya Boxer. Anapitisha vidole viwili chini ya cheni, anaisukuma juu, anaiachia. Imelegea. Anatoa spana, analegeza nati ya tairi la nyuma, anavuta kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka pande zote mbili zilingane. Analizungusha tairi kwa mkono na kutega sikio. Hapo ndipo anapokaza nati na kupangusa mikono.

Kwa uangalifu ule, mpita njia angeapa kwamba pikipiki ni yake. Lakini kadi yenye jina la mmiliki iko mtaa wa pili, kabatini kwa mwalimu mstaafu.

Katika lugha ya kijiweni, pale madereva wa bodaboda wanapongojea abiria, mwenye pikipiki huitwa tajiri, hata akiwa muuguzi, mama lishe au mzee aliyenunua chombo kwa kiinua mgongo chake. Mwingine ni dereva. Kati yao kuna hesabu, yaani fedha anayopeleka dereva kila siku, na kuna njia mbili za kuishi nayo. Ya kwanza ni hesabu tupu: dereva anajaza mafuta, analeta fedha, chombo kinabaki cha tajiri, na tajiri ndiye anayebeba matengenezo makubwa. Ya pili ni mkataba: dereva analeta hesabu kwa muda waliopatana, anagharamia matengenezo mwenyewe, na siku ya mwisho pikipiki inakuwa yake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku sita za wiki. Kwa wiki 52 inafika 3,120,000. Siku ya saba ni ya dereva, na tajiri muungwana haiulizii.

Uingereza na Ujerumani wapo watu wanaoshirikiana farasi kwa mtindo unaokaribiana na huu. Asiye na farasi huchangia malisho na zizi, naye hupewa siku zake za kupanda. Huko nako maswali ni yale yale: nani analipa mnyama akiumia, nani anaruhusiwa kumpanda, na nani anajua tabia zake.

Huku kwetu Handeni na Korogwe, farasi hakuwahi kuwa mnyama wa watu. Mbung'o walimkataa, na mizigo ya misafara ilipita bonde la mto Pangani juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mwanahistoria James Giblin, ambaye kitabu chake kuhusu nchi hii ya Wazigua kilitoka mwaka 1992, anaonyesha kwamba kabla ya ukoloni watu wenyewe ndio waliowazuia mbung'o na kupe, kwa kulima, kuchunga na kufyeka pori. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu wenye akiba ya chakula waliwashika mkono wasio nayo miaka ya ukame, nao wakabaki pamoja kwenye ardhi. Mafungamano hayo yalipovunjika, pori lilirudi na mbung'o wake. Kwa hiyo makubaliano kati ya aliye nacho na mwenye nguvu za kazi ni jambo la zamani sana katika ardhi hii. Hata miradi ya ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga ilipoleta utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ilikuta watu wanaojua kutunza kisicho chao.

Siku hizi makubaliano hayo yamehamia kwenye pikipiki, na mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za kusafirisha abiria kwa chombo hicho. Leo kuna lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni, lakini thamani ya bodaboda huonekana pale lami inapoishia. Mtazame dereva anayepanda mlima kwenda Vugiri wakati wa masika: anaingia kona kwa gia ya chini, mguu mmoja tayari kukanyaga tope, mkono wa klachi ukiachia polepole, huku nyuma yake kuna mama na mtoto mgongoni. Usiku wa uchungu wa uzazi, yeye ndiye anayegongewa mlango ili mzazi afike hospitali ya Magunga. Dereva asiyejali chombo hawezi kazi hiyo, na tajiri aliyemkaba kwa hesabu amemnyima hata nafasi ya kununua breki mpya.

Ufundi wa kuishi na makubaliano haya unaonekana jioni, kijana anapompelekea mwalimu mstaafu hesabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za kijiweni?"

"Leo kijiwe kimekauka, mama. Mvua toka asubuhi. Nimepata saba tu."

Mama anatazama tope lililoganda kwenye rimu, anafungua daftari na kuandika saba. Hasemi neno. Anajua kwamba ile elfu tatu iliyobaki italetwa wiki ya gulio bila kudaiwa. Tajiri mzuri huujua mlio wa injini yake ikiwa bado kona ya mbali, na akisikia umebadilika huuliza oili kabla ya kuuliza fedha. Dereva mzuri naye akipokewa chombo na deiwaka, kijana wa kushika zamu kwa saa chache, humweleza tajiri mapema, maana ajali ikitokea mikononi mwa mtu asiyejulikana, hata bima huwa na maneno.

Lipo jambo moja la kukemewa bila kupepesa macho: tajiri anayenyang'anya pikipiki ikiwa zimebaki wiki tatu mkataba uishe, kwa kisingizio cha siku mbili za kuchelewesha. Huo ni wizi wa mwaka mzima wa jasho. Ndiyo maana makubaliano yaandikwe, yawe na mashahidi wa pande zote mbili, yapigwe muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa, na yataje wazi siku za ugonjwa na za mvua.

Mkataba wa mwalimu mstaafu ulitaja vyote hivyo. Siku ya mwisho alitoa kadi kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni, wakaongozana kwenda kubadili jina la mmiliki. Njiani kurudi kijana alisimama dukani akanunua daftari jipya. Mdogo wake amepata leseni, na zamu ya jioni inahitaji mtu.